*Darsa la Ramadhani, Siku ya 12: Furaha ya Futari ni ya Nani?*

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Alhamdulillah, leo tumefikisha siku ya 12. Siku zile za mwanzo kila mtu alikuwa na hamu. Sasa mwili umeizoea njaa, lakini uchovu nao umeanza kujionesha. Safu za nyuma za tarawehe zinapungua, na huko majumbani maneno yameanza kuwa makali kidogo, hasa ile saa moja kabla ya Maghrib. Si unaijua saa hiyo? Basi leo tuzungumze jambo ambalo mimbarini hatuligusi sana: furaha. Sisemi furaha kubwa ya harusi, ya kupata kazi au ya kumaliza nyumba. Nasema furaha ndogo za kila siku, zile zinazopita mbele yetu kila jioni na hatuzijali.

*Furaha mbili*

Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kufunga ana furaha mbili. Ya kwanza anaipata anapofuturu. Ya pili ataipata siku atakapokutana na Mola wake.

Hebu tulia na hadithi hii kidogo. Neno alilolitumia Mtume (s.a.w.) kwa Kiarabu linatokana na *farah*, na Kiswahili chetu kimelichukua kutoka huko huko: furaha. Yaani neno lile lile unalolisema mtoto wako akifaulu mtihani, ndilo lililotajwa kwa mtu anayetia tende mdomoni baada ya kushinda na njaa.

Kisha tazama furaha hizi mbili zilivyowekwa bega kwa bega. Moja iko kwenye mkeka wa futari, mbele ya bakuli la uji na sahani ya mihogo. Nyingine iko mbele ya Allah, siku ambayo mali na watoto havitamfaa mtu. Tofauti yake ni kubwa kuliko ardhi na mbingu. Lakini Mtume (s.a.w.) hakuidharau ile ndogo, na wala hakusema tuione haya. Ameitaja kwanza.

*Je, kufurahia chakula kunapunguza thawabu?*

Kila mwaka swali hili huulizwa: “Shekhe, mimi adhana ikikaribia nafurahi kwa sababu nitakula. Hapo swaumu yangu si imekuwa ya tumbo?”

Jibu ni hapana. Wanachuoni walioisherehesha hadithi hii wameieleza furaha ya kufuturu kwa njia mbili. Wapo waliosema ni furaha ya maumbile: njaa na kiu vimeondoka, na lililokuwa haramu kwako mchana limekuwa halali. Wapo waliosema ni furaha ya ibada: umemaliza kazi uliyopewa na Mola wako, na umeimaliza salama. Zote mbili zinakaa katika moyo mmoja bila kugombana.

Na kama unataka dalili, itazame dua ya kufuturu iliyopokewa na Abu Daud. Kabla ya kutaja malipo, dua ile inataja kwamba kiu imeondoka na mishipa imelowana, ndipo inapokuja kwamba thawabu imethibiti, Allah akipenda. Mwili umetajwa na malipo yametajwa, pumzi moja. Basi wewe mtu wa kawaida, ukilisikia funda la kwanza la maji linashuka kifuani na moyo ukasema “ah, alhamdulillah”, usijilaumu. Hiyo ni haki yako uliyopewa na Mtume wako (s.a.w.).

Ila kuna furaha na furaha. Katika Sura al-Qasas, aya ya 76, watu wa Qarun walimwonya asifurahi kwa majivuno, kwa sababu Allah hawapendi wenye kufurahi namna ile. Na katika Sura Yunus, aya ya 58, Allah anatuamrisha tufurahi kwa fadhila Zake na rehema Zake. Kitenzi ni kile kile kwa Kiarabu. Huku kimekatazwa, kule kimeamrishwa. Tofauti iko wapi? Endelea kusoma habari za Qarun mpaka aya ya 78 utaiona: alidai kwamba mali ile ameipata kwa elimu aliyonayo yeye mwenyewe. Alifurahia kitu akamsahau aliyempa. Muumini anakifurahia kitu na papo hapo anamkumbuka aliyempa.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Allah humridhia mja anayekula tonge akamshukuru kwalo, au anayekunywa funda akamshukuru kwalo. Tonge moja tu! Tunatafuta radhi za Allah kwa mambo makubwa makubwa, na mambo makubwa yana nafasi yake, lakini hapo pana tonge la muhogo linalopita bila hata “alhamdulillah” kwa sababu mkono mwingine umeshika simu.

*Furaha tulizozizoea mpaka hatuzioni*

Tirmidhi amepokea hadithi inayosema kwamba mtu akiamka ana amani katika makazi yake, ana afya ya mwili wake, na ana chakula cha siku yake, basi ni kama amekusanyiwa dunia nzima. Amani, afya, na chakula cha siku hiyo, ndugu yangu. Hakusema cha mwezi.

Hebu ihesabu siku yako ya jana kwa kipimo hicho. Uliamka daku, ukasikia vyombo vinagongana jikoni: maana yake kuna mtu anayekujali aliyeamka kabla yako. Ukatoka kwenda Alfajiri, upepo bado wa baridi, jirani akakusalimia gizani ukamjua kwa sauti. Mchana ukapata kivuli cha mwembe, ukakaa dakika kumi. Alasiri mtoto wa miaka saba akakujia mbio kukuambia leo amefunga mpaka Adhuhuri. Jioni ikaja harufu ya maharage ya nazi kutoka nyumba ya pili. Hakuna hata moja kati ya hayo uliloliandika katika mipango yako, na hakuna hata moja ulilolilipia.

Sisi wa ukanda huu tuna na neema nyingine tusiyoitaja. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, Maghrib yetu hapa Dar es Salaam haihami sana: mwaka mzima inacheza kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo hivi. Ndugu zetu wanaoishi kaskazini mwa Ulaya, Ramadhani ikiwaangukia mwezi Juni, wanafunga zaidi ya saa 18. Sisi jua letu tunalijua, na ahadi yake haichelewi.

*Sasa, ni nani nyumbani kwako haipati furaha hii?*

Hapa ndipo nilipotaka tufike leo. Naomba usome polepole.

Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kufunga ana furaha mbili. Hakusema baba wa nyumba, wala mgeni wa heshima. Kila aliyefunga, furaha ya kufuturu ni yake. Ikiwa ni yake, basi anayemharibia amemdhulumu. Tunajihadhari sana tusimle mtu fedha yake. Furaha yake je?

*Kwanza, anayepika.* Chukua nyumba ya kawaida mtaani kwetu. Saa kumi mama yuko jikoni. Amekuna nazi, amemenya magimbi, uji wa pilipili manga uko motoni, kaimati zinasubiri shira. Naye amefunga kama wewe, tena amekaa mbele ya moto. Adhana inalia: watu wote wako mkekani, yeye bado anaepua. Anatafuna tende moja huku amesimama, mkono mmoja una mwiko. Akija kukaa, wenzake wamekwisha kunyanyuka kwenda kuswali. Halafu mtu mzima na ndevu zake anasema, “Mbona leo chumvi imezidi?”

Ndugu yangu, amekisia chumvi hiyo akiwa na swaumu. Wanachuoni wameruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi inapokuwa na haja, kisha ateme, bila kumeza. Lakini wengi katika mama zetu wanaogopa, hawaonji kabisa, wanategemea mkono na mazoea. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia kasoro chakula hata siku moja: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Basi. Na Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na swala ikifika alitoka kwenda kuswali. Hii ni sunna kama sunna ya mswaki. Mbona ya mswaki tumeishika na hii tumewaachia wanawake?

Na katika kina mama wenyewe kuna anayesahauliwa zaidi: dada wa kazi. Naye kafunga. Naye ana mama yake huko kijijini aliyezoea kufuturu naye. Akifuturu peke yake jikoni kwa makombo, wakati watoto uliomwajiri awalee wanakula mkekani, hiyo nyumba inatoa sadaka gani nje?

*Pili, aliyerudi na kidogo.* Upande huu nao una dhuluma yake. Yuko baba ametoka asubuhi kutafuta, na siku haikumpa. Anarudi na mfuko mdogo wa viazi vitamu na tende za kuhesabu, na kabla hajafika mlangoni ameshajua atakavyotazamwa. Mke ameshika simu, anaona picha za meza za futari za watu wengine: sambusa, tambi, maandazi, juisi rangi tatu. Neno moja likimtoka, “Wenzetu wanakula, sisi je?”, furaha ya mtu yule imezimwa, na adhana bado haijalia.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi. Asipozipata, kwa tende kavu. Asipozipata, kwa mafunda ya maji. Ndivyo ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas (r.a.). Umeona? Ngazi ya mwisho ni maji matupu, na bado ni futari ya Mtume. Hakuna nyumba isiyofika hapo. Kwa hiyo furaha hii Allah hakuifunga kwenye wingi wa sahani, aliifunga kwenye swaumu. Na wewe unayepiga picha meza yako kila jioni ukaituma kwenye kundi la ukoo, jiulize tu ni nani anaitazama picha ile na nini kiko mezani kwake.

*Tatu, aliye njiani na aliye kazini.* Mlinzi wa lango la jirani yako. Konda ambaye Maghrib inamkuta kwenye foleni. Nesi aliye zamu. Vijana wanaosimama barabarani wakigawa tende na maji kwenye daladala, Allah awalipe kheri, wameelewa jambo hili vizuri. Tirmidhi amepokea kwamba anayemfuturisha aliyefunga anapata mfano wa thawabu zake bila ya yule kupungukiwa na kitu. Lakini, kwa adabu, peleka sahani *kabla* ya adhana. Sahani inayofika saa tatu usiku imepeleka chakula. Ile furaha ya kufuturu imeshapita.

*Nne, asiyefunga kwa udhuru.* Tunao wazee wenye kisukari waliokatazwa na daktari. Tunao wajawazito na wanaonyonyesha. Wengine wanajificha, wanakula kama wezi, na jioni hawaji mkekani kwa aibu. Katika Sura al-Baqara, aya ya 185, pale pale inapotajwa Ramadhani na ruhusa ya mgonjwa na msafiri, Allah anasema anatutakia wepesi na hatutakii uzito. Mwite mzee wako akae nanyi. Mpe yeye aombe dua kabla ya kufuturu. Usimwache chumbani akisikiliza vijiko vya wenzake.

*Tano, mwenye msiba.* Kuna nyumba mwaka huu zina nafasi tupu mkekani. Mwaka jana alikuwepo, mwaka huu hayupo. Nyumba hizo nazijua na ninyi mnazijua. Mtu wa namna hii akijikuta amecheka kwenye futari, moyo unamchoma, anaona kama amemsahau marehemu wake. Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) alimpoteza mwanawe Ibrahim, akalia, akaeleza kwamba jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Na mtu huyo huyo, sahaba Abdullah bin Harith (r.a.) amesimulia, katika riwaya ya Tirmidhi, kwamba hakumwona mtu mwenye kutabasamu zaidi yake. Machozi na tabasamu vilikaa katika uso mmoja, uso bora kuliko zote. Basi ukipewa furaha ndogo ya tende na maji, ipokee. Kisha muombee marehemu wako wakati huo huo. Huo ndio utiifu kwake.

*Kazi ya leo*

Mimi ni mwalimu, siwezi kuwaacha bila zoezi. Haya manne tuyafanye kuanzia jioni ya leo mpaka mwezi uishe, inshaAllah.

*1.* Robo saa kabla ya Maghrib, kila mwenye mikono nyumbani aingie jikoni: baba, vijana wa kiume, watoto wakubwa. Mmoja apeleke vikombe, mmoja atandike mkeka, mmoja aepue. Lengo ni moja tu: adhana ilie aliyepika akiwa amekaa, tende iko mkononi mwake. Na dada wa kazi yuko mkekani pamoja naye.

*2.* Tonge la kwanza lisipite kimya. Sema “alhamdulillah” ukilijua. Simu ziwe mbali. Halafu kila mmoja, kuanzia mtoto mdogo kabisa, ataje kitu kimoja kilichomfurahisha leo. Kiwe kidogo tu. Mtoto akisema “paka wa jirani amezaa”, usimcheke. Mnamfundisha kuhesabu neema, na katika Sura Ibrahim, aya ya 7, Allah ameahidi kuwazidishia wenye kushukuru.

*3.* Chakula hakitiwi kasoro. Kikiwa kizuri, sema ni kizuri na umtaje aliyekipika. Kikiwa na chumvi nyingi, kunywa maji. Hiyo ndiyo fatwa ya leo.

*4.* Sahani moja itoke nje kabla ya adhana. Hata kama ni vipande viwili vya muhogo na tende tatu. Na kama huna kabisa cha kutoa, kutana na nduguyo kwa uso mkunjufu, Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) ametukataza kuidharau hata kheri hiyo.

Ndugu zangu, tumebakiwa na siku 17 au 18, kwa kutegemea mwezi. Furaha ile ya pili, ya kukutana na Mola wetu, hatujui itatufika lini, na hatuna uwezo wa kumgawia mtu. Hii ya kwanza Allah ameipitisha mikononi mwetu kila jioni: tunaweza kuikamilisha kwa mwenzetu kwa kusukuma kikombe tu, na tunaweza kuiharibu kwa neno moja la chumvi. Ninachoogopa ni mtu kufika siku ya hesabu akiisubiri furaha yake ya pili, akamkuta pale mkewe, mumewe, mtumishi wake au mzee wake anamdai ile ya kwanza.

Ewe Mola wetu, tupokelee swaumu zetu na visimamo vyetu. Wajalie wanaopika waonje walichokipika kwa raha. Wafungulie riziki wanaorudi mikono mitupu, na uwape nyumba zinazowapokea kwa uso mkunjufu. Waponye wagonjwa wetu, wasamehe waliotutangulia, ujaze rehema mahali palipobaki patupu. Utupe furaha ya kufuturu kwa shukrani, na utupe furaha ya kukutana Nawe ukiwa radhi nasi. Amin.

Tukutane Maghrib, inshaAllah, kisha Isha na tarawehe. Na zile safu za nyuma, tuzirudishe.

Darsa hili ukiliona lina faida, mfikishie mwenzio. Na kabla ya kulituma, pita jikoni kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.